Wawili Waliokataliwa na Klabu

Ndugu msikilizaji, leo naomba nianze kwa kuungama. Kwa miaka yote niliyokaa mbele ya kipaza sauti, kila Julai mashindano ya tenisi ya Wimbledon yanapofika ukingoni, nimekuwa nikisoma matokeo kwa mtindo mmoja tu. Nasoma jina la bingwa wa wanaume, nasoma la bingwa wa wanawake, kisha namtupia jicho fundi mitambo aliye nyuma ya kioo. Akiinua kidole kimoja, maana yake dakika imebaki moja, na hapo nakimbilia hali ya hewa. Matokeo ya wawili wawili, hasa ya wanawake, huishia katika kapu la takataka. Sijapata barua hata moja ya kulalamika.

Julai 2022 kapu hilo lilinisuta. Binti wa Kenya mwenye umri wa miaka 18, Angella Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi baada ya mama yake kufariki, alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili. Mwenzi wake alikuwa Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko kwa 3-6, 6-4, na 11-9 katika pointi za kuamua mshindi. (Huyo Mboko, ambaye wazazi wake walihamia ng'ambo kutoka Kongo, ndiye aliyekuja kutwaa ubingwa wa Kanada wa wakubwa mwaka 2025, hivyo msidhani akina Okutoyi walishinda vibonde.) Hapakuwa na Mkenya aliyewahi kulinyakua taji la mashindano makubwa kama hayo, wa kike wala wa kiume. Taji hilo lilipatikana katika mchezo uleule ambao mimi huutupa kapuni.

Nikajiuliza swali moja dogo: binti wa Loresho na binti wa Uholanzi walikubaliana vipi kucheza pamoja? Nani alimwomba mwenzake? Maana hapo, ndugu yangu, ndipo penye siri ya mchezo huu. Katika mchezo wa mmoja mmoja humhitaji mtu yeyote akupende. Ukishakubaliwa kuingia mashindanoni, jina lako linatumbukizwa katika bahasha, unapangiwa mpinzani, na mpinzani apende asipende lazima asimame upande wa pili wa wavu. Wawili wawili si hivyo. Hapo ni lazima mtu akubali, kwa hiari yake na mbele ya macho ya watu, kusimama upande wako. Azungumze nawe kati ya pointi moja na nyingine. Akuachie mgongo wake bila kugeuka kuangalia unafanya nini. Kanuni inaweza kumlazimisha mtu acheze dhidi yako, lakini hakuna kanuni inayoweza kumlazimisha acheze pamoja nawe.

Swali hilo ndilo lililonirudisha mwaka 1956, kwa wanawake wawili ambao kila mmoja kwa namna yake alikuwa amefungiwa mlango. Mmoja aliitwa Althea Gibson, Mmarekani mweusi. Wa pili aliitwa Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi.

Gibson alizaliwa Agosti 1927 mahali paitwapo Silver, katika jimbo la South Carolina, kwa wazazi waliolima pamba katika ardhi isiyo yao na kugawana mazao na mwenye shamba. Akiwa bado mtoto mdogo familia ilihamia Harlem, New York. Mtaa wao wa 143 ulikuwa ukifungwa magari yasipite mchana ili watoto wacheze, na hapo mlangoni kwao kabisa palichorwa kiwanja cha tenisi ya vibao, ile ya mpira mdogo na kibao cha mti. Mtoto akawa hashikiki. Mwaka 1939 alikuwa bingwa wa wasichana wa mchezo huo katika jiji la New York. Majirani wakachanga fedha, akaandikishwa katika klabu ya tenisi ya watu weusi, akafundishwa na Fred Johnson, mwalimu mwenye mkono mmoja.

Naam, nimesema klabu ya watu weusi. Marekani ya siku hizo ilikuwa na tenisi mbili. Chama kikuu cha tenisi kilikuwa cha Wazungu, na weusi walikuwa na chama chao kilichoanzishwa mwaka 1916. Katika chama hicho Gibson alikuwa bingwa wa wanawake mara kumi mfululizo, kuanzia 1947 hadi 1956. Madaktari wawili weusi, Hubert Eaton wa North Carolina na Walter Johnson wa Virginia, walimchukua kama mtoto wao, wakamlisha, wakamsomesha, wakamfundisha mchezo. Hata hivyo, mashindano ya taifa pale Forest Hills yalikuwa kwake kama nyumba ya jirani asiyemjua mtu. Chama kikuu hakikuwa na sheria iliyoandikwa ya kumzuia. Kilisema tu kwamba ili aingie ni lazima kwanza aonyeshe uwezo katika mashindano madogo, na mashindano madogo yalichezwa katika klabu binafsi ambazo hazikumruhusu mtu mweusi kupita getini. Mtego mzuri kama nini! Anayekuzuia hana haja ya kusema hapana, maana ameshamwachia mwingine aseme.

Julai 1950 bingwa wa zamani, Alice Marble, mwanamke wa Kizungu, aliandika barua ya wazi katika jarida la tenisi la nchini humo akiwasuta wenzake waziwazi. Aliwaambia kwamba kama Gibson ni tishio kwa mabingwa waliopo, basi haki ni kukutana naye uwanjani. Mwezi uliofuata mlango ukafunguka. Katika mchezo wake wa pili pale Forest Hills Gibson alikabiliana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon wa mwaka huo, na akawa anaongoza 7-6 katika seti ya mwisho wakati mvua ya radi ilipokatisha mchezo. Radi hiyo ilimwangusha tai wa mawe aliyekuwa juu ya jengo la uwanja. Walioamini ishara walidhani dunia inapinduka. Kesho yake waliporudi, Brough alishinda 9-7.

Miaka mitano iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Gibson alicheza Wimbledon mwaka 1951, mmoja wa watu weusi wa kwanza kufanya hivyo, hakufika mbali. Alimaliza chuo mwaka 1953. Alifundisha michezo katika chuo kimoja huko Missouri. Na kufikia 1955 alikuwa amechoka, anafikiria kuacha raketi na kujiunga na jeshi. Mlango ulikuwa wazi, lakini alikuwa ameingia peke yake.

Tumwache hapo kidogo tumtazame yule wa pili.

Angela Buxton alizaliwa Agosti 1934 jijini Liverpool. Baba yake alikuwa na majumba ya sinema, kwa hiyo msije mkadhani nawaeleza habari ya maskini wawili. Njaa hakuijua. Babu na bibi zake walikuwa Wayahudi waliokimbia mauaji huko Urusi. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto mama yake aliwapeleka watoto Afrika Kusini, na huko ndiko Angela alikojifunza tenisi, katika nchi ambayo ubaguzi ulikuwa ndiyo hewa ya kila siku.

Waliporudi Uingereza, binti alikuwa akipata mafunzo katika klabu moja ya London. Kila mara aliomba fomu ya uanachama, na kila mara fomu ilipotea njiani. Mwishowe mwalimu wake akamwambia ukweli: asijisumbue, hatakubaliwa, kwa sababu ni Myahudi. Mwaka 1952 mama yake alimpeleka Los Angeles akanoe mchezo. Wakapanga karibu na klabu mashuhuri ya tenisi, na klabu ilipogundua kwamba msichana ni Myahudi, mazoezi yake hapo yakaisha. Akahamia kwenye viwanja vya umma ambako kila mtu hucheza.

Sasa angalieni jinsi njia zilivyokutana. Mwishoni mwa 1955 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliandaa msafara wa wachezaji wa tenisi kuzunguka nchi za Asia: Burma, Ceylon, India, Pakistan. Mwezi Agosti mwaka huohuo kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, alikuwa ameuawa kikatili huko Mississippi, na waliomuua wakaachiwa huru na baraza la mahakama la Wazungu watupu. Sifa ya Marekani mbele ya mataifa ya Asia na Afrika ilikuwa matopeni. Katika wachezaji wanne wa msafara mmoja alikuwa mweusi, na huyo alikuwa Gibson. Sihitaji kuwaambia kwa nini. Lakini waama, hata anayetumiwa hupata nauli. Gibson alicheza mfululizo kwa miezi kadhaa, akashinda na kushinda, na huko India akakutana na Buxton, aliyekuwa pia katika mashindano ya upande huo.

Walipokutana tena Ulaya majira ya machipuko ya 1956, Gibson alikuwa anaongoza kila mahali katika mchezo wa mmoja mmoja, lakini hakuwa na mtu wa kucheza naye wawili wawili. Tafakari hilo. Mchezaji aliyekuwa tishio kuliko wote, mwenye kimo cha karibu mita 1.80, anayeanzisha mpira kwa nguvu ya mwanamume na kuuruka wavuni kama paka, hakuwa na mwenzi! Mtu mwenye akili ya kushinda angempigania. Wao wakampita kama hawakumwona. Buxton hakumpita. Alimwomba wacheze pamoja, na Gibson akakubali.

Wachambuzi wa mchezo watawaambia kwamba walikamilishana, na ni kweli. Gibson alikuwa na nguvu na urefu wa mkono. Buxton hakuwa na kipaji cha kutisha, ila alikuwa mchapakazi, mtu wa kupanga mchezo kabla ya kuingia uwanjani na kuufuata mpango wake bila kutetereka. Mmoja alivunja, mwingine alijenga. Lakini kwa maoni yangu hilo ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili ni kwamba kila mmoja alijua mwenzake hatamwaibisha mbele ya watu, na huko nyuma kila mmoja alikuwa ameaibishwa mara nyingi na watu wenye tabasamu.

Mwezi Mei huko Paris walikutana kwanza kama wapinzani, katika nusu fainali ya mmoja mmoja, na Gibson akashinda. Akaendelea kumshinda Angela Mortimer katika fainali, 6-0, 12-10, akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji la mmoja mmoja katika mashindano makubwa manne ya dunia. Kisha aliyeshindwa na aliyemshinda wakasimama upande mmoja wa wavu, wakawafunga Wamarekani Darlene Hard na Dorothy Knode 6-8, 8-6, 6-1. Haya, nani alisema wapinzani hawawezi kula sahani moja?

Ikafuata Wimbledon. Mchezo wa wanawake wawili wawili ulikuwa ukishindaniwa hapo rasmi tangu 1913, na katika orodha ya mabingwa hapakuwa na jina la mtu mweusi hata mmoja. Gibson hakulala hotelini; alikaa na familia ya Buxton, katika nyumba ya mama yake mjini London. Katika mmoja mmoja alitolewa robo fainali na Mmarekani mwenzake, Shirley Fry, kwa 4-6, 6-3, 6-4. Fry huyohuyo ndiye aliyemshinda Buxton katika fainali, 6-3, 6-1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwingereza kufika fainali hiyo tangu 1939, na magazeti ya London yalikuwa yamejaa matumaini. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wameumizwa na mkono mmoja, na likabaki taji la wawili wawili tu.

Fainali yao ilikuwa dhidi ya Waaustralia Fay Muller na Daphne Seeney. Seti ya kwanza ilikuwa ya mkato, 6-1. Ya pili Waaustralia walikaza, ikafika sita kwa sita, na siku hizo hakukuwa na mkato wa pointi za kuamua: ilikuwa ni kucheza mpaka mmoja aachane na mwenzake kwa michezo miwili. Ikaisha 8-6. Hivyo ndivyo mtu mweusi wa kwanza alivyopata ubingwa wa Wimbledon. Wengi hudhani ni ule wa mmoja mmoja wa 1957, kwa sababu huo ndio uliopigwa picha. La hasha. Ulitangulia huu, na haukupatikana kwa mtu mmoja.

Walilipwa nini? Hakuna. Wimbledon ya wakati huo ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Fedha za zawadi zilianza kutolewa mwaka 1968, na wanawake walisubiri hadi 2007 kulipwa sawa na wanaume. Na magazeti? Buxton alisimulia miaka mingi baadaye kwamba gazeti moja la Uingereza lilitangaza ushindi wao kwa herufi ndogo mno, na kichwa cha habari kikasema tu kwamba walio wachache wameshinda. Niliposoma hilo nilikumbuka kapu langu.

Miezi michache baadaye Buxton aliumia kifundo cha mkono wa kuchezea. Alijaribu tiba, alijaribu kucheza na maumivu, na mwaka 1957 akaacha, akiwa na umri wa miaka 22. Gibson akapaa. Alitwaa Wimbledon 1957, Malkia Elizabeth akamkabidhi sahani kwa mkono wake. New York ikampokea kwa maandamano ya karatasi zikimwagwa kutoka madirishani. Akatwaa ubingwa wa Marekani mwaka huohuo, na mwaka 1958 akarudia yote mawili. Ubingwa wa Wimbledon wa wawili wawili nao aliuchukua tena mara mbili, 1957 na Darlene Hard, 1958 na Maria Bueno wa Brazil. Mnaona? Bingwa hakosi wenzi. Yule aliyekuwa hana mtu mwaka 1956 sasa alikuwa anachagua.

Heshima ilikuwa nyingi, fedha hakuna. Gibson aliacha ridhaa akacheza maonyesho ya kulipwa kabla ya mechi za mpira wa kikapu za Harlem Globetrotters. Akaimba, akaigiza katika sinema moja, na mwaka 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika mashindano ya gofu ya wanawake wa kulipwa, akikumbana na klabu zilizokataa hata asibadilishe nguo ndani. Baadaye alifanya kazi za michezo serikalini huko New Jersey. Tenisi ya kulipwa ilipofunguka mwaka 1968 alikuwa na miaka 40. Mlango alioupiga kwa bega lake ulifunguka wakati miguu imekwisha.

Kisha yakaja maradhi. Kiharusi, gharama za matibabu, kodi ya nyumba. Aliandikia taasisi za tenisi kuomba msaada, hazikumjibu. Mwaka 1995 simu ililia nyumbani kwa Buxton. Alikuwa Gibson, na alikuwa anampigia kumuaga. Hakuwa na fedha ya dawa wala ya pango, wala hakuona sababu ya kuendelea kuishi. Buxton alimzungumzisha, akamtuliza, akalipa kodi, akalipa dawa. Kisha, kwa kuwa alikuwa pia mwenzetu wa kalamu aliyeandikia magazeti habari za tenisi, alifanya anachokijua mwandishi. Alihakikisha barua inachapishwa katika jarida la tenisi la Marekani, ikieleza hali ya bingwa huyo na anwani ya kupelekea msaada. Bahasha zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali. Zilizochangwa zilikaribia dola milioni moja.

Ndugu msikilizaji, nimewasoma mabingwa wengi wa mmoja mmoja hapa studioni. Sijui ni wangapi kati yao wangeweza kupiga simu ya namna hiyo baada ya miaka 39, na kuna mtu wa kuipokea.

Gibson aliishi kuona mengine. Julai 2000 Venus Williams alishinda Wimbledon ya mmoja mmoja, mweusi wa kwanza wa kike tangu Gibson mwenyewe, na mara tu baada ya hapo yeye na mdogo wake Serena wakawafunga Julie Halard-Decugis na Ai Sugiyama 6-3, 6-2 kutwaa taji la wawili wawili. Madada hao walicheza fainali 14 za wawili wawili katika mashindano makubwa wala hawakupoteza hata moja. Swali la nani atakubali kusimama nami, wao walikuja nalo limekwisha kujibiwa nyumbani. Gibson alifariki Septemba 28, 2003, akiwa na miaka 76.

Agosti 2019 sanamu yake ilizinduliwa katika viwanja vya mashindano ya Marekani, New York, na mwaka 2025 sura yake ikachorwa katika sarafu ya robo dola. Buxton alikuwapo siku ya sanamu, kikongwe wa miaka 85. Mwenyewe aliwahi kueleza kwamba aliomba uanachama wa klabu inayomiliki Wimbledon baada ya ushindi wa 1956, na kwamba kutopewa kwake anajua ni kwa sababu ya Uyahudi. Mimi sikuwamo katika vikao vyao. Ninachoweza kuwasomea ni tarehe: alifariki Agosti 14, 2020, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 86, na alikuwa bado si mwanachama.